Kabati la Denmark la Miaka ya 1950 na 1960: Kulitambua, Kulikagua na Kulitunza

Kabati refu la chini lililotengenezwa Denmark kati ya mwaka 1950 na 1970 hivi ni samani ya chumba cha kulia. Ndani yake huwekwa sahani, vijiko, vitambaa vya meza na chupa; juu yake taa au redio. Kwa kawaida lina urefu wa sentimita 160 hadi 240, kimo cha sentimita 75 hadi 85 na kina kisichofika sentimita 50. Milango yake husukumwa kando au hukunjwa, droo zimepangwa katikati au upande mmoja, na miguu myembamba huliinua juu kiasi cha ufagio kupita chini bila shida. Halina nakshi. Uzuri wake umo katika vipimo, katika vishikio vilivyochongwa kwa mti uleule wa mlango, na katika mistari ya mti inayoanza mlango mmoja na kuendelea mlango wa pili.

Mnunuzi mgeni huchelewa kuelewa jambo moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote: kabati hili halikujengwa kwa mbao nzito tupu. Uso wake ni vinia, yaani ngozi ya mti isiyozidi milimita moja kwa unene, iliyogundishwa juu ya bodi ya bei nafuu zaidi. Mbao halisi hutumika kwenye kingo, miguu, vishikio na mbavu za droo. Ujenzi huo haukuwa udanganyifu. Vinia iliyowekwa vizuri juu ya bodi tulivu haipindi wala haipasuki kama ubao mpana, na gogo moja zuri huweza kuvika makabati mengi. Lakini ngozi hiyo ikishatobolewa hairudi, na karibu kila uamuzi kuhusu kabati la namna hii, iwe kulinunua, kulisafirisha au kulitengeneza, hutegemea hali yake.

Lilikotoka

Msingi uliwekwa Copenhagen katika miaka ya 1920. Kaare Klint, aliyeanza kufundisha ubunifu wa samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mwaka 1924, aliwataka wanafunzi wake wapime kwanza vitu vitakavyohifadhiwa, kama vile sahani, mashati na vyombo vya mezani, ndipo wachore samani ya kuvihifadhi. Ndiyo maana droo za makabati mazuri ya Denmark hutosha vitu bila kubaki nafasi ya kupotea. Børge Mogensen, aliyesoma chini ya Klint, alipeleka fikra hiyo kwenye samani za watu wa kipato cha kawaida alipoongoza ubunifu wa samani katika ushirika wa FDB kuanzia mwaka 1942.

Chama cha mafundi samani wa Copenhagen kilifanya maonyesho kila mwaka kuanzia 1927 hadi 1966, na huko mbunifu alikaa na fundi, kila mmoja akajifunza kwa mwenzake. Wabunifu Hans J. Wegner na Finn Juhl walijulikana kupitia maonyesho hayo. Katika miaka ya 1950 viwanda vidogo vya mikoani, vingi vikiwa vya familia, vilichukua ubora uleule na kuutengeneza kwa wingi. Maonyesho ya Design in Scandinavia, yaliyozunguka Marekani na Kanada kati ya 1954 na 1957, yalifungua soko kubwa ng'ambo. Kuelekea miaka ya 1970 ladha ilibadilika, na viwanda vingi vikafungwa au vikageukia kazi nyingine.

Mtiki na palisanda

Miti miwili ndiyo iliyotawala. Mtiki ulifika Denmark kutoka Burma na kutoka Siam, yaani Thailand ya leo, nchi ambamo kampuni ya Denmark iliyoitwa Østasiatiske Kompagni, iliyoanzishwa mwaka 1897, ilifanya biashara ya magogo kwa miaka mingi. Ulikuwa mtiki wa misitu ya asili, wa miti iliyokua polepole, wenye rangi ya asali inayokolea kadiri miaka inavyopita. Wasomaji wa Tanzania wanaujua mti huohuo kwa mashamba ya Longuza na Mtibwa. Tofauti ni kwamba mti wa shambani huvunwa ukiwa na umri mdogo, kwa hiyo sehemu ya nje iliyo nyeupe huwa kubwa zaidi na rangi yake hupishana zaidi ndani ya ubao mmoja. Fundi anayetafuta kipande cha kuziba pengo katika kabati la mwaka 1960 huona tofauti hiyo mara moja.

Palisanda ilikuwa ya gharama zaidi. Ile bora ni Dalbergia nigra ya Brazil, yenye mistari myeusi juu ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Ni jamii moja na mpingo, ambao ni Dalbergia melanoxylon. Ikikaa juani hupauka na kuwa na rangi ya chungwa iliyofifia, hivyo rangi ya kweli hutafutwa ndani ya mlango au chini ya kitu kilichokaa juu ya kabati kwa muda mrefu. Mwaloni ulitumika pia, hasa katika kazi za Wegner na Mogensen. Bei yake ilikuwa ya chini zamani, ingawa siku hizi wakusanyaji wanaupenda sana.

Majina na alama

Wauzaji hupenda kutaja majina makubwa, na mnunuzi anapaswa kudai ushahidi. Baadhi ya uhusiano kati ya mbunifu na kiwanda unajulikana vizuri. Arne Vodder aliwabunia Sibast, na kabati lake namba 29, lenye droo za rangi mbalimbali upande mmoja, ni miongoni mwa yanayotafutwa zaidi. Ib Kofod-Larsen alifanya kazi na Faarup Møbelfabrik. Kai Kristiansen alibuni makabati na rafu za ukutani kwa Feldballes. Makabati ya Wegner yalitengenezwa na Ry Møbler, kimoja cha viwanda vitano vilivyounganisha mauzo ya kazi zake chini ya jina la Salesco mwaka 1951. Vingine vilishughulikia viti, meza na vitanda. Omann Jun walitoa makabati yao kwa namba tu, na namba hizo ndizo wakusanyaji wanazozitumia hadi leo. Nje ya Denmark, Nils Jonsson aliibunia kampuni ya Troeds huko Uswidi, na Torbjørn Afdal alikuwa mbunifu wa Bruksbo nchini Norwei. Makabati ya nchi hizo mbili mara nyingi huuzwa kwa jina la Denmark, na mengine hayapungui ubora hata kidogo.

Jina la Vodder huleta mkanganyiko. Niels Vodder alikuwa fundi aliyetengeneza samani za Finn Juhl. Arne Vodder alikuwa mbunifu, mwanafunzi wa Juhl huyohuyo. Tangazo linaloyachanganya majina hayo linaonyesha kwamba muuzaji hajafanya utafiti wake.

Alama hutafutwa mgongoni, ndani ya droo ya juu, upande wa ndani wa mlango, na chini ya kabati. Inaweza kuwa muhuri uliochomwa kwa moto, karatasi iliyobandikwa, au kibandiko cha duara cha Danish Furniture Makers' Control, kilichothibitisha kwamba kiwanda kimekaguliwa ubora wake. Kibandiko hicho hakitaji mbunifu, na peke yake hakithibitishi jina lolote. Karatasi huanguka baada ya miaka mingi, kwa hiyo kukosekana kwa alama si dalili ya kughushi. Hapo kabati hulinganishwa na picha za katalogi za kiwanda, kishikio kwa kishikio na mguu kwa mguu. Makabati mengi yaliyobaki hayana mbunifu anayejulikana. Kwa mtu anayetaka kabati la kutumia nyumbani, lisilo na jina lakini lenye ngozi nzima ni bora kuliko lenye jina kubwa lililosuguliwa hadi likaharibika.

Ukaguzi

Ukaguzi huanzia nyuma. Kabati lisogezwe kutoka ukutani ili mgongo uonekane. Mgongo wa plaiwudi nyembamba iliyofungwa kwa skrubu ni wa kawaida na si kasoro. Mgongo uliovikwa vinia ileile ya mbele maana yake kabati lilikusudiwa kusimama hata katikati ya chumba, na hilo huongeza thamani. Skrubu za wakati huo kwa kawaida zina mfereji mmoja. Zenye alama ya msalaba zikitawala, huenda kabati limewahi kufunguliwa, na muuzaji aulizwe sababu. Chipubodi isimtishe mnunuzi, kwani viwanda vya Denmark viliitumia. Bodi laini ya unga wa mbao uliogandamizwa, ile inayoitwa MDF, ni habari nyingine: ikionekana, kabati ni la baadaye au limejengwa upya.

Kisha droo. Moja ikivutwa hadi itoke na kugeuzwa juu ya meza, hueleza mengi kuliko maneno ya muuzaji. Kwenye pembe za mbele, ubavu na uso wa droo hushikana kwa meno yaliyopanuka nchani na kuingiliana, kiasi kwamba uso hauwezi kuchomoka hata gundi ikizeeka. Mbavu ni mbao halisi, mara nyingi mwaloni au mkangazi, na sakafu ya droo ni plaiwudi iliyopitishwa ndani ya mfereji, bila msumari. Mahali inapoteleza, mbao huwa zimelainika na kung'aa kwa matumizi. Zikiwa zimelika hadi droo inacheza, kazi hiyo inarekebishika: fundi huongeza ufito mwembamba mahali palipolika. Droo ya vyombo vya mezani huwa na vyumba vilivyotandikwa felti. Felti iliyotoboka au yenye unga ni dalili kwamba wadudu waliwahi kukaa humo. Droo zote zirudishwe na kubadilishwa nafasi: inayoteleza vizuri mahali pake tu na kukwama kwingine ni ya asili ya mahali hapo, kwa sababu mafundi walizirandia moja moja.

Uso wa mbele huangaliwa kwa mwanga wa ubavuni. Tochi ya simu ikilazwa karibu na mbao, huonyesha kila kitu ambacho taa ya dari inakificha: malengelenge ya vinia, mawimbi, na mikwaruzo midogo ya mviringo inayoachwa na mashine ya msasa. Mikwaruzo hiyo ni onyo kali. Baada yake vidole vipite kwenye kingo na pembe, mahali ambapo msasa hula kwanza. Doa jepesi lisilo na mistari ya mti, au sehemu iliyopakwa rangi ya kahawia inayofanana na kalamu, ni pale ambapo ngozi imeisha na bodi ya chini imejitokeza. Kabati la namna hiyo linaweza kutumika miaka mingi, ila halipaswi kuuzwa kwa bei ya lenye ngozi nzima.

Mistari ya mti isomwe kwa umbali wa hatua tatu. Katika kiwanda kizuri, vinia za milango yote zilikatwa mfululizo kutoka gogo moja, hivyo umbo la mstari katika mlango wa kwanza hujirudia au huendelea katika wa pili na wa tatu. Mlango mmoja ukiwa na mistari isiyoafikiana na wenzake, umebadilishwa, au milango imepachikwa kwa mpangilio usio wake. La pili hutatuliwa kwa dakika chache. La kwanza halina dawa.

Kugonga polepole kwa ukucha hutambulisha vinia iliyoachia: mlio wake huwa mtupu ukilinganisha na sehemu iliyoshika. Milango ya fito zinazojikunja ifunguliwe taratibu mwanzo hadi mwisho. Fito hizo zimegundishwa juu ya kitambaa kigumu, nacho huoza. Mlango ukikwama haulazimishwi, kwani kitambaa kikichanika kazi ya kuugundisha upya ni ya siku kadhaa. Miguu nayo huchunguzwa kwa chini: matundu ya skrubu yaliyozibwa, au kivuli cha umbo tofauti kwenye mbao, huonyesha kuwa si ya asili. Mwisho kichwa kiingizwe ndani ya kabati. Harufu ya mtiki ni kavu, yenye mafuta kidogo, karibu na ya ngozi ya kiatu. Ukungu na moshi wa sigara hutambulika papo hapo, na ukungu uliofika kwenye chipubodi hautoki wote.

Palisanda na sheria

Dalbergia nigra iliwekwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 1992, na biashara yake kati ya nchi na nchi imezuiwa isipokuwa kwa vibali maalumu. Kabati lililotengenezwa kabla ya mwaka huo linaweza kusafirishwa kwa cheti kinachothibitisha umri wake, lakini cheti hicho hupatikana kabla ya safari, si baada ya mzigo kufika bandarini. Ndani ya Umoja wa Ulaya hata kuuza tu kunahitaji cheti, kwa sababu msamaha wa vitu vya kale huko unahusu vilivyotengenezwa kabla ya Machi 1947, na makabati haya yote ni ya baadaye.

Tangu Januari 2017 aina nyingine zote za Dalbergia, mpingo ukiwamo, ziko katika Kiambatisho cha Pili. Mwaka 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mbao hizo zisizozidi kilo 10 kwa shehena ziliondolewa masharti. Mti wa Brazil hauguswi na msamaha huo. Palisanda iitwayo Santos, iliyotumika pia katika samani hizi, si Dalbergia kabisa, na kwa macho matupu inaweza kufanana nayo. Muuzaji anayedai kabati ni la Santos aandike hivyo kwenye risiti. Tanzania na Kenya ni wanachama wa mkataba huu, kwa hiyo anayeingiza kabati la palisanda Mombasa au Dar es Salaam aulize mamlaka ya CITES ya nchi yake kabla ya kulipa. Mtiki hauna vikwazo hivyo.

Safari

Droo na milango hutolewa kwanza, kila kimoja kikiandikiwa nafasi yake kwa penseli kwenye karatasi iliyofungwa kwa uzi. Miguu ya skrubu hufunguliwa. Mwili wa kabati hubebwa kutoka chini, kamwe si kwa kushika ukingo wa juu, ambao umegundishwa tu. Blanketi hutangulia na plastiki hufuata. Plastiki ikigusa mbao moja kwa moja ndani ya kontena lenye joto, unyevu hunaswa na laka huvimba au hunata. Katika safari ya baharini vifuko vya kunyonya unyevu ni vya lazima. Likifika, kabati liachwe wiki kadhaa ndani ya chumba kabla ya fundi kurandia droo yoyote inayokaza, kwa maana mbao zilizokauka katika nyumba zenye vipasha joto za Ulaya hunenepa pwani kisha hutulia. Anayerandia mapema hujikuta na droo inayocheza wakati wa kiangazi.

Kulisafisha na kulitengeneza

Kabla ya kupaka chochote ni lazima kujua uso umemalizwa kwa nini. Tone la mafuta ya kitani huwekwa mahali pa siri, tuseme nyuma ya mguu. Likizama ndani ya dakika chache, kabati ni la mafuta. Likibaki juu, lina laka. La laka hufutwa kwa kitambaa kilicholowa kidogo na kukaushwa mara moja, basi. Mafuta juu ya laka hayaingii, hubaki kunata na kukusanya vumbi.

La mafuta husafishwa kwa tapentaini kidogo kwenye kitambaa cha pamba, kufuata nyuzi za mti, hadi kitambaa kiache kuchukua weusi. Kisha mafuta ya mtiki au ya kitani yaliyochemshwa hupakwa kwa tabaka nyembamba, huachwa dakika 15 hadi 20, na yaliyobaki juu hufutwa yote. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasikunjwe na kutupwa kwenye ndoo: hujipasha joto yenyewe na huweza kuwaka moto. Yatandazwe nje yakauke, au yalowekwe kwenye maji.

Duara jeupe la kikombe mara nyingi liko juu tu, nalo hutoka kwa stilwaya laini kabisa iliyochovywa mafuta na kusuguliwa kidogo kidogo. Duara jeusi limezama ndani, ambako chuma na unyevu vimekutana na mti. Hilo aachiwe mtaalamu, au liachwe lilivyo. Mashine ya msasa isikaribie kabati hili. Ni vigumu kumshawishi seremala hodari aliyezoea mbao tupu za mninga na mkangazi, ambazo husamehe msasa wa nguvu, kwa hiyo mwenye kabati amwonyeshe unene wa vinia kwa macho yake, ukingoni mwa mlango, kabla ya kazi kuanza.

Vinia iliyoachia hurudishwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyoingizwa kwa sindano, karatasi ya nta juu yake, ubao na uzito kwa usiku mzima. Njia ya pasi ya moto hufaulu pale tu gundi ya zamani inapoyeyuka, na gundi nyingi za viwandani za miaka hiyo haziyeyuki. Mifereji ya milango na droo hulainishwa kwa nta ya mshumaa. Mafuta ya kupikia huoza na kunata.

Katika nyumba za pwani ya Afrika Mashariki kuna hatari mbili zaidi. Ya kwanza ni deki: maji ya sakafuni hupanda kupitia ncha za miguu, basi chini ya kila mguu kuwekwe kifuniko cha plastiki au kipande kinene cha felti kinachobadilishwa kikilowa. Ya pili ni mchwa. Kiini cha mtiki huwakinza vizuri, lakini bodi iliyo chini ya vinia haina kinga hiyo, na mchwa wanaweza kuila kwa ndani huku uso ukionekana salama. Kabati liachiwe nafasi ya kiganja kutoka ukutani, na mgongo wake umulikwe kila baada ya miezi michache kuona kama kuna njia za udongo.

Risiti, cheti cha CITES kama kipo, na picha za alama zote zihifadhiwe katika bahasha ndani ya droo. Bahasha hiyo isibandikwe kwa selotepu mahali popote penye vinia, kwa sababu gundi yake huondoka na laka, na ikikaa miaka huweza kung'oa hata nyuzi za mti.